Kuitunza afya ya akili ya familia wakati wa janga la maradhi na baada yake: mwongozo kamili kwa wakazi wa Moshi na Arusha

Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini, msafiri aliyekuwa ameingia siku moja kabla kupitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Maradhi hayo yaliingia Tanzania kwa mlango wetu. Siku iliyofuata zilitoka amri za kufunga shule, mwezi wa Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, na kazi za utalii, ambazo zinalisha sehemu kubwa ya Arusha na Moshi, zikakatika ghafla. Watalii walioingia nchini mwaka 2019 walikuwa zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 walikuwa takriban 620,000. Tarakimu hizo zina watu ndani yake: mpagazi wa Marangu aliyekuwa akisubiri msimu, mpishi wa kambi, dereva wa Arusha aliyekuwa ametoka kukopa ili anunue gari la safari, na mama wa Majengo aliyekuwa akiwafulia wageni mashuka ya hoteli.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya dharura ya kimataifa imekwisha. Hata hivyo, Machi 2022 shirika hilohilo lilikuwa limeeleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, na magonjwa ya wasiwasi viliongezeka duniani kwa asilimia 25. Madhara ya namna hiyo hayamalizwi na tangazo. Yanabaki nyumbani, kwa baba asiyelala, kwa mama anayeshtuka kila simu inapolia usiku, kwa kijana aliyeacha kuongea na watu, na kwa sababu hayana homa wala kikohozi, familia nyingi hazijui kwamba yanatibika.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida anayeishi na mtu wa namna hiyo, au ambaye ni yeye mwenyewe. Hatua zake zinafuatana, lakini si lazima kila familia izipitie zote. Ikiwa kuna mtu nyumbani anayesema kwamba hataki tena kuishi, acha yote mengine na usome Hatua ya 7 sasa hivi.

Hatua ya 1: Andika kilichompata kila mtu

Chukua daftari na uandike majina ya wote walio chini ya uangalizi wako, pamoja na wazazi walioko Machame au Rombo na vijana walioko chuoni. Mbele ya kila jina andika mambo aliyopitia tangu janga lilipoanza: aliugua au hakuugua, alimuuguza nani, alifiwa na nani, alipoteza kazi gani, alikaa peke yake kwa muda gani, na amebadilika wapi.

Kazi hii inaonekana ndogo, lakini ina sababu yake. Janga la maradhi linamjeruhi kila mtu kwa namna yake, na tukisema tu kwamba “sote tulipata shida” tunamfunika aliyeumia zaidi. Aliyelazwa akitumia mashine ya oksijeni huku akiona kitanda cha jirani kikifunikwa ana jeraha tofauti na la aliyefungiwa biashara. Muuguzi aliyekuwa akirudi nyumbani na kuvulia nguo nje ya mlango kwa hofu ya kuwaambukiza wanawe ana jeraha la tatu, na mara nyingi huyo ndiye wa mwisho kuulizwa hali yake, kwa kuwa familia nzima inamchukulia kuwa mtaalamu.

Usimsahau bibi au babu aliyeambiwa asikumbatiwe. Wazee wetu wengi wa vihambani walitengwa kwa upendo, wakaletewa chakula hadi mlangoni, na wengine waliuelewa utengano huo kuwa ni kuchokwa na watoto wao. Hilo linahitaji kuelezwa kwao waziwazi hata leo.

Hatua ya 2: Tofautisha huzuni ya kawaida na ugonjwa

Kuogopa wakati wa hatari na kulia wakati wa msiba ni afya. Kinachopaswa kukuzindua ni dalili zinazodumu karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi na kumzuia mtu kufanya kazi zake: kukosa raha kwa mambo yaliyokuwa yakimfurahisha, usingizi kukatika alfajiri na kutorudi, kula kidogo sana au kupita kiasi, uchovu usioisha, kushindwa kukaza fikra, kujiona hana thamani au ni mzigo. Upande wa wasiwasi, dalili ni moyo kwenda mbio, kifua kubana, mikono kutetemeka, hofu isiyo na sababu iliyo wazi, na kukagua mwili kila mara kutafuta ugonjwa.

Watu wetu hawaji wakisema, “Nina sonona.” Wanasema kwamba wanawaza sana, kwamba kichwa kinawaka moto, kwamba mwili hauna nguvu. Wengi huanzia maabara, wakapimwa malaria, taifodi na maambukizi ya njia ya mkojo, wakapewa dawa, na baada ya wiki wakarudi na maumivu yaleyale. Ikiwa mtu amezunguka zahanati kadhaa kwa namna hii na kila jibu ni kwamba hana kitu, msimwite mwongo. Maumivu yake ni ya kweli, na yanaweza kuwa yanatokana na akili iliyoelemewa.

Kinyume chake pia ni kweli, na ni jambo ninalolisisitiza: kabla ya kusema ni mawazo tu, mwili upimwe. Kisukari, upungufu wa damu, presha na matatizo ya tezi ya shingo yanaweza kuleta uchovu na hofu. Zaidi ya hayo, baadhi ya waliougua UVIKO-19 hubaki kwa miezi mingi na uchovu mzito, pumzi fupi, usahaulifu na kutosikia harufu vizuri. Mtu wa namna hiyo akiambiwa ni mvivu, mnaongeza sonona juu ya ugonjwa wa mwili ambao bado haujaisha.

Hatua ya 3: Anzisha mazungumzo

Chagua wakati ambapo mikono ina kazi na macho hayalazimiki kutazamana: mnapomenya ndizi, mnapokata majani ya ng'ombe, mnapotembea kutoka sokoni Mbuyuni. Kikao rasmi cha sebuleni, televisheni imezimwa na watu wamepangwa kwenye makochi, humfanya mtu ajione yuko barazani akihukumiwa.

Anza na ulichokiona, kisha uliza. Kwa mama unaweza kusema: “Shikamoo mama. Nimeona siku hizi huendi jumuiya, na taa ya chumbani kwako inawaka hadi usiku wa manane. Unalalaje?” Kwa kaka: “Kaka, tangu kazi za mlimani zisimame sijakusikia ukicheka. Kuna nini kinachokulemea?” Baada ya kuuliza, nyamaza. Ukimya wa dakika moja unachosha anayeuliza, lakini ndani ya ukimya huo ndimo mtu hukusanya nguvu za kusema.

Wataalamu wanaofundisha huduma ya kwanza ya kisaikolojia huiweka katika maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia usalama wake na mahitaji yake ya haraka, sikiliza bila kumkatiza, kisha umuunganishe na mtu au huduma inayoweza kumsaidia. Huhitajiki kuwa na jibu. Maneno ya kuepuka ni yale tunayoyasema kwa nia njema kabisa: “jikaze”, “mwanaume halii”, “wenzako wana makubwa zaidi”, “una imani ndogo”. Kila mojawapo ya maneno hayo humfundisha msikilizaji kwamba safari ijayo anyamaze.

Ikiwa wewe ni mtoto na mwenye shida ni baba yako, huenda heshima haitaruhusu umuulize moja kwa moja. Tumia njia ambazo desturi imeziweka: mjomba, shangazi, rafiki yake wa ujana, mchungaji, padri au shehe anayemheshimu. Mweleze huyo uliyoyaona kwa usahihi, bila kuyakuza, na umwombe aende kama mgeni wa kawaida.

Hatua ya 4: Fanyeni matanga ambayo hayakufanyika

Kwa maoni yangu hili ndilo jeraha kubwa zaidi ambalo janga liliacha katika mkoa wa Kilimanjaro na majirani zake, na ndilo linalozungumzwa kwa uchache zaidi. Kwetu mtu hazikwi tu. Marehemu husafirishwa kutoka Dar es Salaam au Mwanza hadi kihambani kwao, ndugu hukesha, jirani huleta kuni na ndizi, wanawake wa jumuiya hupika, wimbo huimbwa, wasifu husomwa, na watu hupanga foleni ya kutoa mkono wa pole. Baadaye matanga huanuliwa, na kikao cha ukoo hukaa ili madeni ya marehemu yajulikane na wanawe wapate wa kuwaangalia. Kila kipande cha utaratibu huu kina kazi: kinamthibitishia mfiwa kwamba kifo kimetokea kweli, kwamba hayuko peke yake, na kwamba maisha yanayofuata yana mpango.

Katika miezi ya mwanzo ya 2020 baadhi ya familia zilizika mbele ya watu wachache, jeneza likishikwa na wahudumu waliovaa mavazi ya kujikinga, bila kuuona uso wa marehemu. Mwanzoni mwa 2021 misiba mingi ilitangazwa kuwa ni ya “changamoto ya upumuaji”, na wengine hawakupata jina la ugonjwa uliomchukua mtu wao. Wapo walioko nje ya nchi waliofuatilia mazishi ya mzazi kwa simu. Mtu aliyefiwa namna hiyo anaweza kubaki akingoja, na kungoja huko kukimzuia kuishi kwa zaidi ya miezi 6 huku uchungu ukiwa mkali kama siku ya kwanza, wataalamu huutambua kuwa ni ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu, unaohitaji msaada.

Hata kama miaka imepita, bado mnaweza kumuaga na kumkumbuka mtu wenu. Familia inaweza kufanya hivi.

Kwanza, mkubwa wa familia awaulize wafiwa, mmoja mmoja, ni kitu gani kilikosekana. Majibu hushangaza. Mmoja atasema hakumuaga, mwingine kwamba wasifu haukusomwa, mwingine kwamba hakuna aliyemwambia pole kwa kumshika mkono, na mwingine kwamba kaburi halijajengewa hadi leo. Andikeni kila jibu, wala msilipime kwa kusema kwamba hilo ni dogo.

Pili, pangeni siku. Desemba ni mwezi mzuri kwa sababu watu wa Kilimanjaro hurudi nyumbani kwa wingi, na ndugu wa Arusha, Dar es Salaam na Nairobi hufika bila gharama mpya. Kwa Wakristo inaweza kuwa ibada ya shukrani na kubariki kaburi. Kwa Waislamu inaweza kuwa dua na kisomo. Msiigeuze kuwa sherehe ya michango mikubwa, kwa kuwa familia yenye madeni itaahirisha mwaka hadi mwaka kwa aibu ya kukosa ng'ombe. Chai, ndizi na maharage vinatosha kabisa.

Tatu, siku hiyo isemwe waziwazi namna marehemu alivyokufa. Aliyemuuguza apewe nafasi ya kueleza siku za mwisho, ikiwa yuko tayari. Wengi wanabeba hatia kimya: “ni mimi niliyemletea ugonjwa”, “ningemwahi hospitali mapema”, “nilikubali wamchukue nikarudi nyumbani”. Mzee wa ukoo amwambie mbele ya wote kwamba ukoo haumdai kitu. Neno hilo likitoka kwa mtu mwenye mamlaka ya kulisema lina uzito ambao mshauri mgeni hawezi kuufikia.

Nne, wale ambao hawakumuona marehemu wapewe kitu cha kufanya kwa mikono: kupanda isale kaburini, kupaka rangi msalaba au kuweka jiwe lenye jina. Tano, watoto wawepo. Mtoto aliyeambiwa kwamba babu “amesafiri” na kisha akaona watu wazima wakilia chumbani hujitungia maelezo yanayotisha kuliko ukweli.

Ikiwa baada ya hayo yote mfiwa bado hawezi kuingia chumba cha marehemu, hali wala halali, au anazungumza juu ya kumfuata, huyo apelekwe hospitali kama ilivyoelezwa katika Hatua ya 8.

Hatua ya 5: Rudisha umbo la siku, kisha ushughulikie madeni

Sonona hukua katika siku isiyo na umbo. Mtu aliyezoea kuamka saa kumi na moja kuwahi kifodi cha Ngaramtoni, kazi ikikatika, huamka saa nne, hula saa tisa, na usiku hukodolea simu hadi kunakucha. Mpangie saa moja ya kuamka, ileile kila siku, hata kama hakulala vizuri. Awe nje asubuhi kwenye mwanga. Kila siku awe na shughuli moja ya lazima na moja ya kumpa raha, na zianze zikiwa ndogo sana: kumwagilia mche mmoja, kumtembelea jirani kwa dakika kumi. Asingoje hamu ndipo afanye. Kwa mgonjwa wa sonona kitendo hutangulia na hamu hufuata baadaye.

Kwa wasiwasi unaopanda ghafla, afundishwe kupumua: avute pumzi kwa pua huku akihesabu hadi nne, aitoe polepole akihesabu hadi sita, kwa dakika tano. Shambulio la hofu kwa kawaida hufika kilele ndani ya dakika chache kisha hushuka. Anayelijua hilo huacha kuamini kwamba anakufa, ingawa maumivu ya kifua yanayompata mtu kwa mara ya kwanza hupimwa hospitali bila kukisia. Taarifa za mlipuko zisikilizwe mara moja au mbili kwa siku kutoka Wizara ya Afya, ambayo ina namba ya bure 199. Sauti zinazosambazwa na watu wasiojulikana kwenye makundi ya simu ziachwe.

Ushauri huu wote hautamfaa mtu ambaye kila Jumamosi anafuatwa na wenzake wa kikoba kwa sababu ya marejesho. Nimeona makala nyingi zinazomwambia mwenye madeni apumzishe akili, bila neno hata moja juu ya deni lenyewe, na ninaona huko ni kumwacha njiani. Kaeni naye na karatasi. Orodhesheni madeni yote, mkianza na yale anayoyaficha. Achague moja tu, aeleze tatizo lake kwa sentensi moja, ataje njia zote zinazowezekana bila kuzikosoa, achague njia moja, na aseme ataanza siku gani na saa ngapi. Wiki inayofuata mkutane, muone kilichofanyika.

Njia hii imejaribiwa na watu wanaofanana nasi. Nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 utaratibu ambao bibi wa mitaani hufundishwa kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwaongoza kutatua tatizo moja baada ya jingine, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wanakikoba wa Pasua au Ngarenaro wanaweza kutenga nusu saa ya kikao chao kwa kazi hiyo, na pia kukubaliana kwa maandishi kwamba mwanachama aliyefiwa au aliyekatikiwa na kazi kwa sababu ya mlipuko ataongezewa muda wa marejesho bila kuzomewa.

Hatua ya 6: Pombe, vidonge, na watoto

Pombe huleta usingizi wa mwanzo na kuukata usiku wa manane, kisha huongeza sonona kesho yake. Mbege ya kawaida ya kijiweni inapogeuka kuwa pombe kali ya asubuhi, au gongo inywewayo kwa siri, kuna jambo. Anayekunywa kwa wingi kila siku asikatishwe kwa ghafla nyumbani, kwa sababu anaweza kupata degedege. Apelekwe hospitali apunguziwe kwa uangalizi. Vivyo hivyo vidonge vya usingizi aina ya diazepamu vinavyonunuliwa dukani bila cheti huzoeleka haraka, na kuviacha ghafla kuna hatari.

Kwa mtoto, dalili huwa tofauti: kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, kuumwa tumbo asubuhi za shule, kung'ang'ania nguo ya mama, ukali, au kushuka masomoni. Mpe ukweli kwa maneno ya umri wake, mrudishie ratiba, mwache acheze. Mtoto anayepigwa au kudhalilishwa katika nyumba iliyoingiwa na dhiki anasaidiwa kupitia namba ya bure 116 au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Hatua ya 7: Mtu anapozungumza juu ya kufa

Akisema kwamba amechoka kuishi, kwamba familia itapumua akiondoka, au akianza kuaga watu na kugawa vitu vyake, chukua kila neno kwa uzito. Muulize waziwazi, kwa sauti ya utulivu: “Mdogo wangu, umefikiria kujiua?” Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo; humfungulia nafasi ya kusema. Akikubali, uliza kama amepanga namna na wakati. Usimkaripie wala usimtajie dhambi. Mshukuru kwa kukuambia.

Usimwache peke yake hata kwa muda mfupi. Ondoeni nyumbani kila kitu anachoweza kujidhuru nacho. Katika maeneo yetu ya kahawa, nyanya na maua, jambo la kwanza ni viuatilifu vya shambani, ambavyo vinapaswa kuhamishiwa kwa jirani au kufungiwa kwenye stoo ambayo ufunguo wake hana. Dawa za hospitali zikabidhiwe kwa mtu mwingine. Hatua hizi zinaokoa maisha kwa sababu msukumo mkali wa kujiua mara nyingi ni wa muda mfupi, na anayeuvuka akiwa mbali na zana ana nafasi kubwa ya kupona.

Kisha mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana. Sheria yetu ya adhabu imehesabu jaribio la kujiua kuwa ni kosa, na kwa hofu hiyo familia nyingine humficha mtu ambaye tayari amekunywa sumu. Msifanye hivyo kamwe. Sumu inataka daktari ndani ya saa chache. Mtafuteni kwanza daktari, mengine yatashughulikiwa akiwa hai.

Hatua ya 8: Hospitali, na mnachopaswa kukitarajia

Mnaweza kuanzia kituo cha afya cha kata, mkapewa rufaa. Moshi ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC. Arusha ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru. Mapokezi ulizeni kliniki ya afya ya akili na siku zake. Familia isiyo na bima wala uwezo imwombe afisa ustawi wa jamii wa hospitali awaeleze utaratibu wa msamaha.

Nendeni na daftari lenu la Hatua ya 1, dawa zote anazotumia pamoja na za mitishamba, na ndugu mmoja anayejua mambo yake ya kila siku. Mwambieni daktari lini dalili zilianza, usingizi ukoje, kama kuna pombe, kama amewahi kutaka kujiua, na kama ukoo una historia ya ugonjwa wa akili. Mgonjwa apewe pia nafasi ya kuzungumza peke yake na daktari; kuna mambo ambayo mke hayasemi mbele ya shemeji.

Wengi hufikiri kwamba watapewa sindano na kufungiwa. Kwa sonona na wasiwasi wa kawaida, tiba ni mazungumzo ya kitaalamu, vidonge au vyote viwili, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo. Vidonge vya sonona huchukua wiki 2 hadi 4 au zaidi ndipo vilete nafuu, ilhali madhara madogo kama kichefuchefu hujitokeza mapema. Ndiyo maana wengi huviacha wiki ya kwanza wakisema haviwasaidii. Mtu mmoja nyumbani ahakikishe vinamezwa. Mgonjwa akipona aendelee kwa miezi ambayo daktari ataitaja, na aviache kwa kupunguziwa.

Sala na maombi ni nguvu kubwa na hakuna daktari mwenye busara atakayewazuia. Kilicho hatari ni kuambiwa mgonjwa aache dawa ili athibitishe imani yake, au afungwe kamba, au afungishwe chakula na maji. Mkiambiwa hivyo, mchukueni mgonjwa wenu muondoke.

Hatua ya 9: Jiandaeni kwa mlipuko mwingine

Machi 2023 Tanzania ilitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg mkoani Kagera, na Januari 2025 ukatokea tena mkoani humohumo. Kwa hiyo swali la ikiwa tutapata mlipuko mwingine halina haja ya kujadiliwa. Maandalizi ya akili hufanyika wakati wa utulivu.

Katika daftari lilelile andikeni nani atampigia simu bibi kila jioni ikiwa haruhusiwi kutembelewa, nani atamnunulia mgonjwa wa akili dawa za miezi miwili kabla usafiri haujasimama, na nani atakaa na watoto ikiwa wazazi wote wawili wamelazwa. Kubalianeni pia kuhusu msiba wakati wa vizuizi: nani atawakilisha ukoo kaburini, nani atapiga picha na kurekodi wasifu ukisomwa, jirani gani ataleta chakula hadi getini, na kwamba matanga kamili yatafanyika vizuizi vikiondolewa, kwa tarehe itakayotajwa siku ileile ya mazishi. Mtumishi wa afya katika familia apangiwe mapema chumba na mtu wa kuzungumza naye kila anaporudi zamu.

Andikeni namba za 199 na 116, ya kliniki yenu na ya dereva wa bodaboda au bajaji anayepokea simu usiku. Daftari likae sebuleni, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kulifikia, na lipitiwe upya kila Desemba ukoo unapokutana, kwa kuwa namba za simu hubadilika na waliopangiwa kazi huhama.